Vidonge vinne vya azitromisini: niviweke ndani ya sakoshi ya kuzalia?

Mama Furaha (Goma, Ndosho)

Jambo wamama, jambo na wababa mnaosoma kimyakimya.

Niko na mimba ya miezi minane, ya tatu. Sakoshi yangu iko chini ya kitanda tangu wiki mbili: vikwembe vitatu, beseni, sabuni, pamba, javeli, nguo za mtoto na kofia aliyoifuma mama mkwe, ya manjano kwa sababu ndio uzi uliokuwa umebaki. Swali langu ni la kitu kimoja ambacho sijui kama kinaingia ndani ya sakoshi hiyo au hapana.

Juma lililopita shemeji yangu, anayesomea uuguzi, alinionyesha kwenye simu habari ya utafiti. Mama akiwa kwenye uchungu anameza antibiotiki ya azitromisini gramu 2, mara moja tu, na homa ya uzazi, yaani maambukizi anayopata mzazi, inapungua kwa theluthi. Gramu 2 ni vidonge vinne vya miligramu 500. Vinauzwa kila farmasi ya huku kwetu, hakuna anayekuuliza karatasi ya dokta. Nimepita moja nikauliza bei, na si bei ya kutisha.

Niwaeleze kwa nini jambo hili halinitoki kichwani. Miaka miwili iliyopita yaya wangu, dada yangu mkubwa, alizaa Jumatatu, vizuri kabisa, mtoto wa kilo tatu na nusu. Jumanne wakamruhusu. Alhamisi usiku akaanza kutetemeka. Sote tukasema malaria, maana huku nani asiyesema malaria? Tukanunua dawa za malaria. Mama mkwe wake akasema tumbo limeingia baridi, akamkanda kwa maji ya moto mpaka ngozi ikawa nyekundu. Ijumaa damu yake ikaanza kunuka, naye akaona haya kutuambia. Jumapili alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima Nyiragongo mbio, anaongea maneno yasiyo na kichwa. Tukampakia kwenye moto, pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika kiunoni, anachoma kama jiko. Alipona. Lakini walimtoa kizazi, na alikuwa na miaka 26.

Ile maternite alikozalia sitaitaja. Nakumbuka tu kwamba siku alipozaa kulikuwa na ndoo moja ya maji mlangoni, ya watu wote, na kabla ya saa sita mchana ilikuwa tupu.

Basi ninunue? Nimeze mwenyewe uchungu ukianza, kabla sijapanda moto? Au nimpe mkunga nikifika? Yaya mwenyewe ananiambia nunua, usiulize mtu.

Koko wa Birere

Binti yangu, mimi nilizaa tisa. Wa kwanza alizaliwa mwaka ule mlima ulipomwaga moto, 1977, na sikumeza kidonge hata kimoja. Nilikandwa, nilikunywa uji wa mtama, nikakaa ndani siku arobaini. Ningekuambia achana na mambo ya kwenye simu.

Ila nilipofika pale uliposema damu ilinuka nikaweka simu chini kwanza. Mdogo wangu alikufa siku ya tisa baada ya kuzaa. Alitetemeka hivyohivyo, alinuka hivyohivyo. Sisi tulisema amerogwa na mke mwenzake, na yule mwanamke alifukuzwa kijijini na watoto wake wawili. Sijui yuko wapi leo. Wenye elimu wakujibu, na mimi nasoma.

Mkunga wa Kadutu (Bukavu)

Mama Furaha, jambo. Mimi ni mkunga, mwaka wa kumi na saba sasa ndani ya chumba cha kuzalia. Nitajibu kirefu, chemsha chai.

Shemeji yako hakukudanganya. Utafiti huo upo, unaitwa A-PLUS, ulitoka Februari 2023. Walikuwa wanawake 29,278 wa nchi saba: Bangladesh, Guatemala, India, Kenya, Pakistan, Zambia na sisi Kongo. Ndiyo, na sisi. Upande wetu uliendeshwa na Shule ya Afya ya Umma ya Kinshasa, na wamama wenyewe walikuwa wa kule Ubangi. Nalisema kwa makusudi, maana kila nikitaja utafiti kuna mtu ananiambia hizo ni dawa za Wazungu.

Nusu walipewa azitro, nusu vidonge vinavyofanana navyo lakini havina kitu ndani. Mama hakujua amemeza kipi, mkunga naye hakujua. Sasa hiyo theluthi uigeuze iwe watu, maana theluthi ikisikika peke yake inapendeza kupita kiasi. Kati ya wamama 1000 waliomeza vidonge vitupu, 24 walipata maambukizi makali ya mwili mzima, au walikufa. Kati ya 1000 waliomeza azitro, 16. Tofauti ni wamama wanane. Mimi sidharau wanane, yaya wako angeweza kuwa mmoja wao. Lakini ona na wale 16: waliugua na dawa ikiwa tumboni. Na ile tofauti karibu yote ni ya kuugua. Waliokufa walikuwa wachache mno pande zote mbili, karibu mmoja kwa 1000 huku na huku. Watoto nao hawakupata faida: waliozaliwa wamekufa, waliokufa baadaye au kuugua maambukizi makali walikuwa 10.5 kwa 100 upande mmoja na 10.3 upande mwingine. Ni kitu kimoja.

Halafu jiulize wale wamama walimezea wapi. Si nyumbani, si nyuma ya moto. Walikuwa tayari mikononi mwa wahudumu, uchungu umethibitishwa, wanatazamiwa kuzaa kwa njia ya kawaida. Wewe ukimeza ukiwa Ndosho, unajuaje kama ni uchungu kweli? Mimba ya tatu inajua kudanganya. Unaweza kubanwa leo usiku ukazaa keshokutwa. Unaweza kutapika vyote vinne kwenye mawe ya barabara kabla hujafika. Na azitro inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hasa ikikutana na dawa nyingine zenye tabia hiyo, kwinini ikiwa mojawapo. Ukifika umekaa kimya, mimi sijui una nini tumboni, nami nitakuongezea yangu juu yake.

Hayo ndiyo ya vidonge. Sasa nitoke kidogo nje ya swali, unisamehe, maana ile ndoo yako ya mlangoni ndiyo iliyonifanya niandike.

Wewe wa Goma unawajua vijana wanaosimama kando ya ziwa na sirinji ya klorini, kipindupindu kikiingia, wanampulizia kila mtu tone ndani ya bidoni yake ya maji. Mwaka 1847, kule Vienna, daktari mmoja aliyeitwa Semmelweis alifanya kazi kwenye hospitali yenye wodi mbili za uzazi. Moja ya madaktari na wanafunzi wao, moja ya wakunga. Ya madaktari ilikuwa inaua sana, mpaka wamama walilia wakiomba wapelekwe kwa wakunga. (Nikiwasimulia madaktari vijana kipande hiki nasema polepole, nakitafuna.) Rafiki yake daktari alikatwa na kisu cha kupasulia maiti, akafa kwa ugonjwa uleule wa wale wamama. Hapo Semmelweis akaona: wanafunzi wanatoka kwenye maiti, wanakuja kuingiza mkono kwa mama anayezaa. Akaweka beseni la maji yenye chokaa ya klorini mlangoni, hakuna kuingia bila kunawa humo. Aprili walikuwa wamekufa 18 kati ya 100. Juni, 2. Ni klorini ileile ya vijana wa ziwani. Na wakubwa wake hawakumpenda kwa hilo. Alifia kwenye nyumba ya wendawazimu mwaka 1865, kidonda kimeoza.

Utasema hiyo ni hadithi ya wazee. Basi chukua ya juzi, ya majirani zetu. Hospitali 59 za Malawi na Uganda, wanawake zaidi ya 431,000, utafiti unaitwa APT-Sepsis. Hawakuleta dawa mpya. Walisimamia kunawa mikono kwenye saa zake, kuzuia maambukizi, kumpima mzazi na kumtambua mapema anayeanza kuungua, na akitambuliwa wasingoje: maji ya mshipani, antibiotiki, kutafuta chanzo na kukitoa, kumhamisha ikibidi, kumfuatilia. Maambukizi makali na vifo vyake vilishuka karibu kwa theluthi. Theluthi ileile inayokufanya uzunguke farmasi.

Na mimi siandiki haya nikiwa malaika. Mwaka wangu wa sita kazini nilimruhusu mama mmoja asubuhi. Mapigo yake yalikuwa 118. Niliyaona, niliyaandika kwa mkono wangu kwenye fishi, karatasi yake ya matibabu, nikasema ni uchovu, kwa sababu mama mwingine alikuwa anazalia kwenye benchi na nilihitaji kitanda. Alirudi siku ya sita amebebwa kwenye kiti cha plastiki. Aliishi, mshukuru Mungu pamoja nami. Lakini ile 118 naiona mpaka leo, na wino wenyewe ulikuwa wa kijani. Mapigo yanaweza kupanda kabla ya homa, watu hawajui hivyo.

Chumbani kwetu sabuni tumeitia ndani ya soksi ya nailoni na kuifunga kwenye msumari juu ya bidoni ya bomba, maana sabuni ikiwekwa wazi inapata miguu. Nawe ukifika maternite, mtazame mkunga wako kabla hajakupima njia. Hakunawa? Mwambie, "Mama, aksanti kunawa kwanza." Atakunja uso. Mwache akunje.

Baba Mapacha (Goma, Katindo)

Mama mkunga, aksanti kwa somo. Nina neno linanikwama kooni. Wale waliopewa vidonge vitupu: wale wamama 24 hawakutolewa kafara? Mtu anajua ana dawa, anampa mwenzake unga. Mke wangu akiombwa kuingia kwenye kitu kama hicho, mimi nitakataa, nisifiche.

Mkunga wa Kadutu (Bukavu)

Baba Mapacha, swali lako si dogo na silichukulii kama ubishi.

Siku utafiti unaanza hakuna aliyejua kama ile dawa inasaidia, inadhuru au haifanyi kitu. Desturi ilikuwa mama anayezaa kawaida bila homa hapewi antibiotiki yoyote. Kwa hiyo aliyepata kidonge kitupu alihudumiwa kama walivyohudumiwa wote, akiugua alitibiwa. Na kuna kamati ya pembeni inayoruhusiwa kuchungulia hesabu wakati kazi inaendelea. Ndiyo iliyofanya A-PLUS isimamishwe kabla ya kufikia idadi iliyopangwa: faida kwa wamama ilikuwa imeonekana, ikawa si haki kuendelea kumpa mtu kidonge kitupu.

Kukataa ni haki. Ila haki hiyo ni ya mke wako. Wewe ni mshauri wake. Watu wa Majengo na Kahembe, hapo kwenu Goma, wanaijua hii. Mwishoni mwa 2019 ilipokuja ile chanjo ya pili ya Ebola ya kufanyiwa utafiti, wenye mimba waliruhusiwa kuingia. Chanjo ya kwanza ilikuwa imewaacha nje mpaka 2019, eti kwa kuwalinda, na Ebola ilikuwa inawaua wao pia. Ukimtoa mwenye mimba kwenye kila utafiti, unamwachia kila dawa aijaribu peke yake nyumbani. Ndiyo Mama Furaha alivyokuwa anataka kufanya.

Kamalondo Labo (Lubumbashi)

Jambo ya huku kwetu Lubumbashi, bamama na batata. Mimi si mganga, niko nyuma ya hadubini, naotesha vijidudu kwenye visahani na kuangalia dawa gani inaviua. Nitasema kipande changu tu.

Azitro Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la antibiotiki za kuangaliwa, si za kugawa kama karanga. Kule Gambia, baada ya kuwapa wamama azitro kwenye uchungu, walirudi kupima pua za wamama na watoto na maziwa ya mama. Wiki nne baadaye vijidudu vya stafilokoki visivyoogopa azitro vilikuwa vingi zaidi kwa waliomeza. Baada ya mwaka tofauti ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo dozi moja kwa mwenye uchungu, ikipangwa na wanaojua, pengine tunaweza kuivumilia. Kinachonitia hofu ni azitro ya kikohozi, azitro ya jino, azitro ya "najisikia vibaya", na sasa azitro ya sakoshi. Kwenye visahani vyangu kuna wadudu wanaokaa karibu na kidonge cha antibiotiki kama wanaota jua.

Jambo lingine, kidonge cha mezani sokoni kilichokaa juani miezi mitatu sijui kina nini. Kinaweza kuwa kile kitupu cha Baba Mapacha, tofauti ni kwamba hiki umekilipia.

Koko wa Birere

Swali langu kwa mama mkunga. Ile ya kukanda kwa maji ya moto ni mbaya? Binti wa mwisho anazaa Desemba na mimi ndiye wa kumkanda.

Mkunga wa Kadutu (Bukavu)

Koko, shikamoo. Maji ya vuguvugu mgongoni na miguuni, mzazi anapumzika, mikono ya mama inamgusa, sina ugomvi nayo. Maji ya kuunguza tumboni, hapana. Kumkalisha juu ya beseni la mvuke na majani, hapana, njia bado ina michubuko. Na akianza kutetemeka kukanda kunasimama saa hiyohiyo, mnakuja.

Siku hizo arobaini zenu mimi nazipenda, na nakuambia kwa nini. Vitabu vyetu vinahesabu 42. Ndani ya siku hizo, mzazi mwenye joto la 38 na zaidi, au damu inayonuka, au tumbo linalouma likiguswa, au anayehema mbio, au anayeongea kama amelewa, ni wa kuletwa, hata usiku, hata kama kipimo cha malaria kimesema ndiyo. Malaria na homa ya uzazi zinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, hazioneani wivu. Yaya wa Mama Furaha alipotea siku tatu kwa neno hilo moja, malaria. Na wewe Koko uliye naye ndani siku zote hizo ndiye mwenye macho, mimi nikishamruhusu simwoni tena. Muulize damu inanukaje. Wewe atakuambia, mumewe hatamwambia.

Mama Furaha, kwa hiyo jibu: vidonge usinunue. Kwenye CPN ijayo, kliniki ya wenye mimba, uliza waziwazi kama pale wanatoa azitro kwenye uchungu, na kama wanatoa utaipata mikononi mwao. Pesa hiyo nunua kipimajoto. Pima asubuhi na jioni juma la kwanza, andika nyuma ya kadi yako. Na umwambie mkunga habari ya yaya wako.

Hujanunua tayari, lakini? Umeandika "nikauliza bei" kama mtu aliyekwishalipa.

Mama Furaha (Goma, Ndosho)

Mama mkunga, umenikamata. Nilikuwa nimenunua tangu Jumatano, vilikuwa ndani ya soksi ya mtoto.

Leo nimevirudisha. Yule kijana wa farmasi amekataa kurudisha pesa, tumebishana mpaka mteja mwingine akaingilia, mwishowe nimeongeza franga elfu moja amenipa kipimajoto. Nimekijaribu palepale mbele yake nisije nikauziwa kibovu: 36.7. Nimempigia yaya kumwambia. Amenyamaza kidogo, halafu ameuliza kama kinapima na mtu mzima au watoto tu, kisha amesema atakuja kukaa nami siku zile arobaini, kupima atapima yeye.

CPN ni Alhamisi. Nitauliza ile ya azitro, na nitaangalia ndoo.

Koko wa Birere

Hicho kipimajoto ni franga ngapi jumla? Desemba si mbali.